Machela Haibebwi Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini Bwana Dresa, mhudumu wetu wa dawa, alinikabidhi mpini wa machela wa nyuma kulia, akaniambia nisimtazame mgonjwa usoni, nami nikamtazama. Alikuwa babu mmoja wa mlimani, macho nusu wazi, mdomo wazi kabisa.

"Bwana Dresa, huyu yu hai?"

"Wewe imba. Kama amekufa atakuambia."

Nililia mpaka mtoni huku naimba, jambo ambalo si rahisi. Babu alipona. Mimi usingizi ulinipotea kwa muda.

Nawaandikia ninyi kaka zetu mliorudi na digrii kutoka chuo kikuu cha kule Uganda, mtakaoketi benchi la mbele Jumapili haya yakisomwa. Mwalimu Mkuu ameniagiza niwaeleze kazi niliyostaafu, tena kwa heshima. Nina miaka kumi na sita. Msicheke, wapo wazee waliostaafu bila kufanya chochote. Mimi nimestaafishwa na miguu yangu. Wachukuzi wa machela hupangwa kwa kimo: wa mbele walingane na wa nyuma walingane, la sivyo mgonjwa anaserereka upande mmoja kama viazi kwenye ungo. Masika haya nimerefuka ovyo, na mwenzangu Yeremia amebaki pale pale alipokuwa.

Machela yetu ni mianzi miwili mirefu na blanketi nene lililoshonwa katikati kwa kamba ya katani. Mianzi yenyewe ni ya jamii ile itoayo ulanzi, pombe ya kwetu, kwa hiyo Mzee wa Kanisa, ambaye hagusi ulanzi, huinusa kwanza ndipo aiombee. Bwana DC ana gari, lakini gari lake halipandi mlima wetu mvua ikishaanza. Mtu wa ng'ambo ya mto Hagafiro akiugua, anafika hospitali ya misheni kwa mabega ya watu au hafiki.

Baada ya mwaka mmoja nilipandishwa cheo, nikawa mbele kushoto. Huyo tunamwita jicho. Ndiye anayesema "jiwe", "shimo", "utelezi", na wa nyuma wanafuata. Jicho ana amri moja kubwa: hageuki nyuma. Akigeuka anakanyaga vibaya na wote wanne wanaanguka na mgonjwa wao. Kwa hiyo unambeba mtu saa nzima bila kujua kinachoendelea kisogoni kwako. Mimi niliyazoea mabega kuuma. Hilo sikulizoea.

Tena kuna kuimba. Kwetu maiti hubebwa kimya. Machela ikipita kimya, wanaume wanavua kofia, wanawake wanaketi chini na kuanza kulia. Ikipita na wimbo, watu wanajua aliyemo ni mzima, wanaacha majembe na kupokea mipini. Mgonjwa naye, akiwa amefunikwa, anajua kwa wimbo kwamba bado yumo duniani.

Likizo iliyopita nilipelekwa pamoja na Yeremia hadi Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ya Mbeya, kungoja masanduku ya dawa kutoka Iringa. Mkubwa wetu huko alikuwa Dereva wa Lori, mtu mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe. Dawa hazikuja. Kutoka kwenye lori alishuka Kaka Zakaria, mtoto wa jirani yetu na mmoja wenu, viatu vinang'aa, sanduku la bati mkononi.

"Kamwene, kaka."

"Kamwene. Mna machela, mgonjwa yuko wapi?"

"Lete hilo sanduku, litaugua sasa hivi."

Dereva akatuchukua hadi Njombe, na kutoka hapo tukalibeba sanduku juu ya machela huku tunaliimbia. Kaka Zakaria alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwuliza kama amerudi moja kwa moja.

"Napita tu, mdogo wangu. Nina kazi ya ofisi Dar es Salaam. Namsalimia mama wiki moja, basi."

Wiki hiyo haikuisha. Mvua ilishuka mfululizo na Mama Zakaria akashikwa na homa ya mapafu. Bwana Dresa aliweka sikio mgongoni kwake, akainuka bila mzaha wowote, na huyo ni mtu wa mzaha. "Sindano ziko hospitali," akasema. "Leo, au tusihangaike."

Tukaondoka mchana, ukungu umekaa chini kama moshi wa jikoni. Mzee wa Kanisa, aliyefuatana nasi, aliomba kwa ufupi, nikajua kumbe mambo ni mabaya. Kaka Zakaria alitembea kando ya mama yake na mwavuli, viatu vyake vya chuo vimejaa tope. Tuliimba. Mvua ilipozidi, Bwana Dresa akamvutia mama blanketi juu ya uso asilowe.

Hagafiro ilikuwa imefika kwenye magogo ya daraja. Maji mekundu yalipita juu yake, na gogo moja lilikuwa linacheza. Niliweka mguu, gogo likazama kidogo. Nikasema "utelezi", na hilo ndilo neno la mwisho lililonitoka. Wimbo ulinikatika. Yeremia naye akaacha kuimba. Nyuma nako kimya. Tulivuka wanne kama mbuzi wanaopelekwa kuchinjwa, tusisikie kitu ila maji.

Upande wa pili wanawake walikuwa wanapalilia njegere. Waliona machela inatoka kwenye ukungu, kimya, aliyemo kafunikwa uso, na mwanawe kando yake. Wakaketi chini kwenye tope. Mmoja akaanza, "Mama Zakaria, umetuacha na nani," na wengine wakaitikia.

Nikasimama. Nyuma yangu sikusikia kikohozi wala pumzi. Pembeni nilimwona Kaka Zakaria akinyoosha mkono kwenye blanketi, akaurudisha, akaunyoosha tena. Mtu mwenye digrii, na mkono haufiki. Simlaumu, mimi hata shingo haikugeuka.

"Imbeni," Bwana Dresa akasema.

Yeremia akamwuliza polepole, "Tumwimbie nani?"

"Imbeni. Hayo tutajua baadaye."

Nikafungua mdomo. Maneno ya wimbo wa kanisa yalikuwa yamenikimbia yote. Yaliyobaki ni yale tunayoyaimba bwenini kwa sauti ya wimbo huo huo, yanayomhusu mbuzi wa Mwalimu Mkuu aliyekula kanzu ya mchungaji. Nikaimba hayo. Sauti yangu mwaka huu inapasuka, na ilipasuka. Mzee wa Kanisa alikuwa hatua chache tu kutoka kwangu. Nikaendelea, mbuzi akamaliza kola, akaanza mkono wa kushoto.

Ndipo chini ya blanketi ikatoka sauti nyembamba, yenye hasira.

"Hayo siyo maneno yake."

Mama Zakaria ni kiongozi wa kwaya. Hata mautini asingevumilia.

Kaka Zakaria alicheka na kulia kwa pamoja, akamfunua uso. Halafu akatupa mwavuli, akashika mpini wangu na kuanza wimbo kwa maneno yake halisi, yote, wala hakusahau ubeti hata mmoja. "Toka," akaniambia, "pumzika." Wanawake wa njegere waliinuka na tope lao, wakapokea mipini ya nyuma, Walutheri na Wakatoliki wamechanganyika, kila mmoja na sauti yake. Tulifika hospitali tukiwa kundi kubwa kama la harusi. Mama alipigwa sindano. Leo anatembea, na Jumapili atakuwa kwenye kwaya, ananiangalia vibaya.

Kaka zangu, Mwalimu Mkuu alitaka niwahimize mkae karibu na Mungu na watu. Mimi sijui kuhimiza. Najua kwamba pale darajani imani yangu ilikuwa ndogo kuliko njegere, nikaimba hivyo hivyo, na kwamba machela haina mpini wa mtu mmoja. Ofisi za Dar es Salaam ni nzuri, nasikia zina feni. Kaka Zakaria bado hajafungua kinywa kuhusu safari yake, na sanduku la bati liko mlangoni, limefungwa. Mimi nimekipima kimo cha mwenye sanduku kwa macho. Yeye na Yeremia wanalingana.

Januari naenda sekondari, mbali. Mama yangu anabaki ng'ambo ya Hagafiro, na kifua chake si kizuri wakati wa ukungu. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko gogo lile. Sitakuwepo. Nafasi ya mbele kushoto iko wazi. Atakayeishika asigeuke nyuma.

Mama yangu hapendi ule wimbo wa mbuzi. Lakini mkiona amefunikwa uso, imbeni wowote.