Nilisaidia kuandaa masta ya uongozi wa uuguzi hapa Musoma, na sharti la kwanza likawa mwanafunzi aache kuongoza

Wakuu, heshima kwenu. Wauguzi mliotoka zamu ya usiku, kunyweni chai kwanza, huu uzi hauna haraka.

Ninayoandika hapa nimeyaona mwenyewe. Majina nimebadilisha, chuo sikitaji na kituo sikitaji, maana ugali wangu bado unatoka hukohuko. Ila chumvi sijaongeza. Yenyewe ilikuja na chumvi ya kutosha.

Mimi ni nesi, mwanaume, mzaliwa wa Mugeta kule Bunda. Nilifanya kazi wodini miaka kadhaa, nikaenda kusoma, sasa nafundisha chuo kimoja hapa Musoma mjini.

Kwa wasioijua kazi yetu niwaeleze kidogo. Huku hakuna anayefundishwa kuwa inchaji wa wodi. Wewe ni nesi mzuri, unawahi kazini, huna maneno mengi. Inchaji aliyekuwepo anahamishwa, asubuhi unakabidhiwa funguo za kabati la dawa, basi, umeshakuwa kiongozi. Ratiba ya zamu ni yako, lawama ni zako, na mganga mfawidhi akikosa glavu anakuita wewe.

Kwa hiyo chuo kilipoamua kuanzisha masta ya uongozi wa uuguzi, na mimi nikawekwa kwenye kamati ya kuandaa mtaala, nilifurahi kweli. Nilimpigia hadi mama yangu Mugeta. Akauliza kama ndiyo nimekuwa daktari. Nikamwambia hapana mama, ila ni jambo kubwa.

Neno lililokuwa linaimbwa kwenye vikao ni student-centred. Mwanafunzi ndiye kitovu. Mwenyekiti wetu wa kamati, tumwite Dokta, alikuwa hamalizi sentensi mbili bila kulitaja.

Mimi mshamba nikaliamini. Nikasema kama mwanafunzi ndiye kitovu, twende tukamuulize mwanafunzi mwenyewe anataka kujifunza nini. Kamati ikanikubalia, nadhani ni kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kwenda.

Nikazunguka. Nilianzia Bunda mjini, nikaenda Butiama kwenye zahanati moja sio mbali na Mwitongo, nikamalizia Kibara kule ziwani.

Kibara ndiko nilikokutana na Sista Nyangeta, wengi wanamwita Mama Magesa. Alikuwa inchaji wa wodi ya wazazi kwenye kituo kimoja cha afya upande ule. Ana digrii yake safi. Ni mjane, watoto watatu, sauti ya chini lakini ukiisikia unasimama.

Nilifika na maswali yangu yamepangwa vizuri kwenye laptop. Hata hakuyatazama.

"Mwalimu, hayo tutayaongea mchana. Kesho asubuhi njoo kwenye ripoti, ndiyo utajua shida yangu."

Ripoti ni yale makabidhiano ya asubuhi, zamu ya usiku inatoka, ya mchana inaingia. Sehemu nyingi inafanyika mezani. Nesi wa usiku, macho mekundu, begi liko begani tayari, anasema "wagonjwa wote wanaendelea vizuri," anaondoka zake. Tumeshafanya hivyo wote, tusidanganyane.

Kwa Nyangeta siku moja walisema hivyo hivyo, wote wanaendelea vizuri, na nyuma ya pazia la kitanda cha mwisho kulikuwa na mama anavuja damu. Alipona kwa Mungu tu. Tangu siku hiyo Nyangeta akasema hakuna ripoti ya mezani. Ripoti ni kitanda kwa kitanda, zamu zote mbili zipo, mama anasalimiwa, shuka inafunuliwa, damu inaangaliwa kwa macho.

Sasa vita ikaanza. Waliotoka usiku wananuna, wanataka kwenda kulala. Wengine wakasema anajifanya daktari.

Mchana aliniwekea ugali wa udaga, ule wa muhogo, na samaki ningu, tukala, ndipo akasema maneno ambayo mimi niliyafanya kuwa mtaala mzima.

"Mimi nadharia sikatai, mtanifundisha. Lakini mimi shida yangu ni saa moja asubuhi. Nikiwepo wanazungukaga vitanda, nikienda likizo wanarudi mezani. Nifundisheni namna ya kuwabadilisha watu ambao ni majirani zangu, nasali nao, nakula nao. Wabaki wamebadilika hata mimi nisipokuwepo."

Wakuu, mimi nilirudi Musoma nikiwa kama nimeokoka.

Tukaandika mtaala. Kila mwanafunzi anakuja na tatizo moja la wodi yake mwenyewe. Anabaki kazini kwake, anakuja chuoni wiki moja kila mwezi, anajifunza, anarudi kujaribu, sisi walimu tunamfuata hukohuko kuona. Mwisho anatetea mabadiliko aliyoyafanya kwenye wodi yake. Wodi ndiyo darasa.

Kamati ilipiga makofi. Dokta alinishika bega.

Kisha kikaja kikao cha mwisho, kile cha kupitisha. Dokta akasema kuna marekebisho madogo.

Siku hizi nikisikia marekebisho madogo naomba kwanza kuyasoma.

Marekebisho yenyewe ni kwamba mwanafunzi wa masta lazima asome muda wote, akae Musoma, awe na ruhusa ya masomo kutoka kwa mwajiri. Kila aliyewahi kuajiriwa anajua maana yake. Ukipewa ruhusa ya masomo unakabidhi ofisi. Unaacha kuwa inchaji.

Nikanyoosha mkono. Nikasema Dokta, huyu tunamfundisha kuongoza wodi, halafu sharti la kwanza aiache wodi? Tatizo lake la saa moja asubuhi atalitatulia wapi, hosteli?

Akajibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, mwanafunzi ndiye kitovu. Sasa kitovu kitakuwaje Kibara na sisi tupo Musoma?"

Nikasema kwetu Mugeta mtu hafundishwi kuchunga kwa kunyang'anywa ng'ombe.

"Hii ni masta, Mwalimu, siyo zizi."

Kikao kizima kikacheka. Na mtaala ukapita huku wanacheka. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyefuta lile sharti la mwisho. Mwanafunzi bado alitakiwa kutetea mabadiliko ya wodi yake, wodi ambayo tayari tumemwambia aikabidhi.

Niliwapigia wote niliowahoji, nikawaeleza ukweli. Yule inchaji wa Butiama alikata shauri hapohapo kwenye simu: "Mwalimu, ukikabidhi hapa huwa hurudishiwagi. Nimeona wenzangu. Hapana." Nilimpongeza moyoni.

Nyangeta yeye alitaka kuja. Akasema nafasi kama hii haiji Kibara mara mbili. Na mwajiri wake alishamwambia kwa mdomo kwamba atakayebaki ni kaimu tu, yeye akirudi anachukua wodi yake. Nikamwambia mama, hilo ni neno la mdomo tu. Akasema, "Mwalimu, watu wazima wakiahidiana wanatimizaga."

Siku anakabidhi nilikuwepo, nilikuwa natembelea vituo vya wanafunzi kama mtaala ulivyosema kabla haujakatwa miguu.

Alizipitisha zamu zote mbili kitanda kwa kitanda. "Huyu ni Mama Bahati, kajifungua alfajiri, mfuko wa uzazi umekaza, damu ya kawaida, mkamwangalie tena kabla ya chai." Kila mama kwa jina lake. Kwenye kitanda cha mwisho alikaa kidogo, akapanga pazia. Kisha akatoa funguo, akampa kaimu.

Kaimu akatia mfukoni, akauliza kama ile feni ya ofisini inafanya kazi.

Basi akaja Musoma.

Tuongee ukweli, wakuu, wanafunzi walikuwa wazuri. Wote walikuwa mainchaji, na wote sasa hawana wodi. Likija somo linalohitaji wodi, mwalimu anasema, "chukulia una wodi." Chukulia una wauguzi wako. Chukulia mmoja wao ni mkorofi. Mtu ameacha wakorofi wa kweli kule, ambao anawajua hadi majina ya watoto wao, amekuja kuandika habari za mkorofi wa kuchukulia.

Wenyewe wakaipa jina, wodi ya kufikirika. Nyangeta ndiye aliyeanza. Mwanzoni tulikuwa tunacheka.

Baadhi ya Ijumaa alikuwa anapanda gari kwenda Kibara, kuona watoto. Jumamosi asubuhi anapita wodini kusalimia. Mara ya kwanza alikuta ripoti bado ni kitanda kwa kitanda. Mara nyingine akakuta wanaanzia kitandani wanamalizia mezani. Baadaye akakuta mezani tu. Alipouliza, kaimu akamjibu kwa heshima zote: "Sista, wewe kwa sasa ni mgeni wetu, karibu chai."

Nilipeleka hoja kwenye kamati tena, nikaomba wanafunzi warudi vituoni hata muhula mmoja. Nikaambiwa ratiba imeshapita. Nikapeleka tena. Dokta akaniambia nimekuwa na hisia sana kwenye jambo la kitaaluma. Sawa, nina hisia. Wodi ya wazazi utaiongelea bila hisia wewe umezaliwa na mashine?

Samahani wakuu, nimepandisha. Tuendelee.

Siku ya utetezi ikafika. Meza ya mbele Dokta, mtahini kutoka nje, na mimi pembeni. Ukutani bango: mwanafunzi ndiye kitovu.

Nyangeta alieleza vizuri sana, ripoti ya mezani, ripoti ya kitandani, sababu za watu kukataa, namna ya kuwavuta. Mtahini alifurahi. Akauliza lile swali la kwenye mtaala, ambalo niliandika mimi:

"Sasa tueleze, wodi yako imebadilika vipi?"

Nyangeta akaweka karatasi zake chini.

"Wodi yangu mliniambia niikabidhi, nikakabidhi. Imebadilika. Mwezi uliopita waliripoti mezani kwamba wote wanaendelea vizuri. Kitanda cha mwisho kulikuwa na binti, uzazi wa kwanza, amelowa damu hadi godoro. Wakamkimbiza Bunda. Amepona, lakini kizazi kimetolewa. Mtoto wake naye hakuishi. Hayo ndiyo mabadiliko."

Mimi niliangalia meza.

Dokta akakohoa, akasema, "Asante, tunashukuru kwa uwazi wako, tuna muda mchache."

Wakampa A. Mtahini aliandika kwamba kazi yake ina uhalisia wa hali ya juu.

Akahitimu, watoto wakaja na mashada, mama mkwe akapiga vigelegele. Akarudi Kibara na cheti. Kule akakuta kaimu alishathibitishwa zamani. Akaambiwa asubiri, atapangiwa. Akapangiwa zamu, wodi ileile, chini ya yule yule wa feni. Kwa hiyo leo ukienda kituo kile, mwenye masta ya uongozi ndiye asiyeongoza kitu chochote.

Hivi karibuni nilipita Kibara. Niliingia asubuhi, ripoti inasomwa. Mezani. Wagonjwa wote wanaendelea vizuri. Watu wakachukua mabegi, wengine wakaenda chai.

Nyangeta hakubishana. Aliinuka, akaenda kitanda cha kwanza peke yake. "Umelalaje, mama?" Akafunua shuka, akaangalia. Cha pili. Cha tatu. Hakuna nesi aliyemfuata hata mmoja. Alipofika cha mwisho akavuta pazia, akainama. Nilisubiri mlangoni mpaka akatoka, nikaona uso umetulia, na mimi ndipo nikapumua.

Sasa sikilizeni. Kilichonipeleka siku hiyo ni kwamba chuo kinaandaa bango jipya la kuita waombaji. Dokta aliniagiza nikaombe picha ya mhitimu bora akiwa kazini, anaongoza.

Nikamweleza Nyangeta huku naona aibu. Alikuwa ananawa mikono. Akajifuta taratibu, akasema:

"Waambie waweke picha ya ile wodi ya kufikirika. Mimi naongozaga huko."

Nilirudi Musoma bila picha. Bango limetoka, wameweka picha ya jengo.

Nilichojifunza: ukimwita mtu kitovu, mwangalie kwanza amesimama wapi, halafu mfuate hapohapo alipo. Ukimng'oa umlete kwako, kitovu ni wewe. Na ukiona watu wazima wanapitisha jambo huku wanacheka, kuna mtu mahali atalia.

Kamati inakaa tena kuhuisha mtaala, nami bado ni mjumbe, sijafukuzwa. Nimeandika pendekezo lilelile la wiki moja kila mwezi, na safari hii nimeanza na habari ya yule binti wa kitanda cha mwisho. Nataka waicheke hiyo.

Wauguzi mliopo humu, mliosoma mkarudi mkakuta viti vyenu vina watu, mlifanyaje? Na walimu wa vyuo, njooni mnitukane kama nimekosea. Ila kabla hujaandika, niambie kwanza kwako ripoti inasomewa wapi.