Siri ya Milembe Niliitia Kwenye Mchezo wa Kompyuta

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msije mkamlaumu Kulwa. Yeye alicheza tu, aliyeandika ni mimi.

Niko kidato cha tatu hapa Shinyanga. Mbele za watu sauti hunikauka, ndiyo maana kila kitu naandika kwenye daftari. Mama yangu anashona kwenye baraza la duka la kina Hemal, Wahindi wa mtaa wetu, na nikitoka shule namsaidia kutia vifungo. Hemal tunalingana umri. Kwenye kompyuta ya baba yake, ile ya kuandikia bidhaa, alitunga mchezo wake mwenyewe.

Mchezo uko hivi. Wewe ni mchimbaji wa Geita. Unashuka duarani, shimoni kwa wachimbaji, ukipata dhahabu unapanda juu, unanunua zawadi, unakwenda kuongea na wasichana. Ukichagua jibu zuri, kamoyo kanawaka kwenye kioo. Vikiwaka vitano, msichana anakuamini, anakwambia siri yake.

"Wasichana wangu wanaongea kama risiti," Hemal aliniambia. "Wewe unajua kuandika. Nipe maneno."

Sijawahi kuambiwa na mtu kwamba najua kitu. Niliandika siku tatu.

Ikabaki siri ya msichana wa mwisho, Tabu. Kila niliyoitunga ilikuwa chapwa. Nikafungua daftari langu, nikanakili ya Milembe.

Milembe, na hilo si jina lake, ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe wa mahari kutoka kwa mkulima wa tumbaku wa Ushetu. Milembe mwenyewe alitaka shule. Alininong'oneza mimi tu: Jumamosi atapanda basi kwenda Nkome, kwa shangazi yake anayeanika dagaa, yule aliyekosana na baba yake Milembe kwa ajili ya mbuzi mwenye pembe moja.

Jina nililibadilisha. Mbuzi nilimwacha, maana alinoga.

Alhamisi mchana vijana walijaa dukani. Kwenye kiti alikaa Kulwa, kaka yake Milembe.

"Tabu kaniganda," alisema. "Kajifunzeni, washamba."

"Kwenye kioo," mwenzake mmoja akamjibu. "Huku nje hata kuku wa kwenu wanakukimbia."

Wakacheka. Kamoyo ka tano kakawaka. Kulwa akaanza kuisoma siri kwa sauti, kwa mbwembwe. Alipofika kwenye mbuzi, sauti ikashuka. Kilichobaki alikisoma kimya.

Kioo kikamuuliza: 1. Msindikize. 2. Mzuie.

Akabonyeza moja. Kisha akainuka, akaja barazani nilipokaa na sindano yangu.

"Hii kaandika nani?"

Hemal akaniangalia, ikatosha.

"Nahene," Kulwa akasema polepole. Kwa Kisukuma, kumbe ni kweli. Akaondoka.

Nilikuwa na Ijumaa nzima ya kumwonya Milembe. Kwao si mbali, unavuka reli tu. Nilifika relini mara mbili, nikarudi. Ningemwambia nini? Nikajidanganya kwamba Kulwa atanyamaza. Si alibonyeza moja?

Jumamosi nilikwenda stendi. Milembe alikuwa na mfuko wa rambo, sketi ya shule inaonekana ndani. Baba yake kasimama kwenye mlango wa basi, hana hata fimbo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Twende nyumbani, mama."

Hakupaza sauti. Alimpokea mfuko kama mtu anayempokea mgeni, wakanipita. Milembe aliniangalia mara moja tu, na mimi nikatazama chini.

Hemal aliufuta mchezo wote mbele yangu. Haikusaidia kitu. Milembe yuko Ushetu.

Majuzi mteja wa mama aliyetoka huko aliniletea salamu zake: "Mwambie siri zake zote ninazo. Sijamwambia mtu."

Wewe unayetunza daftari kama mimi, andika yako. Ya mwenzako yakikunogea kalamuni, weka kalamu chini. Na kama yameshakutoka, vuka reli siku hiyohiyo ukamwambie, hata kama atakuchukia. Mimi niliogopa kuchukiwa, yeye akakosa basi.

Nasoma nilichoandika, naona mbuzi nimemtaja tena. Safari hii hana wa kumponza.