Nilivyomkana Binti wa Habuba

Siku moja haijawahi kunitoka, mwanangu, na hurudi kila mvua ya kwanza inapogusa vumbi la hapa mjini kwetu Koboko. Siku hiyo nilisema maneno manne tu, na nimeyajutia mpaka nimezeeka.

Juzi uliniuliza neno binti limetoka wapi, maana umeliona limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya saluni mpya pale stendi. Nikakuambia nina mboga jikoni, nikakukwepa. Mboga haikuwapo. Leo kaa hapa karibu yangu, nami nitakueleza.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na baba alikuwa askari, leo yuko huku, kesho kahamishiwa kule. Nililelewa na mama yake baba, ambaye sote tulimwita Habuba, yaani bibi. Alikuwa mtu wa maneno machache na macho yasiyopitwa na kitu. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba neno hilo lilikuja huku kwetu zamani na askari na wafanyabiashara wa kutoka kaskazini, watu wasemao Kiarabu, na kwamba kwao anayelitamka anasema "mtoto wangu wa kike". Ndiyo maana wazee wake hawakuligawa ovyo. Nyumbani kwetu msichana aliitwa kwa jina lake mpaka siku alipotolewa kwenye sahani ya watoto akasogezwa kwenye sinia la wanawake. Siku hiyo mkubwa wa nyumba humwambia, "Sogea, binti." Tangu hapo ana watu wa kumsemea, popote atakapofika.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano na bado nagombania mchuzi na wadogo zangu wawili. Nilijitia kufagia uwanja asubuhi na jioni ili Habuba anione. Aliniona vizuri sana, akaniacha kwenye sahani ya watoto.

Barabarani neno lilikuwa limeshaanza kuharibika. Askari vijana walilirusha kutoka juu ya lori, pamoja na miluzi, na msichana aliyerushiwa aliinamisha kichwa akaongeza mwendo. Habuba akisikia hivyo alitema mate pembeni. Mimi, kwa ujinga wangu, nilitamani kuitwa hivyo na mtu yeyote, hata na hao wa kwenye lori.

Mwaka wa sabini na tisa serikali aliyoitumikia baba ikapinduliwa, jeshi lake likavunjika, na nyumba za askari zikawa za kwanza kukimbia. Hatukujua baba yuko wapi. Habuba alifunga unga, sufuria na sinia lake ndani ya shuka, akajitwika, tukatoka kwa njia za mashambani upande wa Lurujo ili tuvuke kwenda Sudan. Nikijaribu kukumbuka hofu, haiji. Kinachokuja ni harufu ya muhogo uliomenywa, ukungu uliolala chini ya magoti yetu, na watu wengi wanaotembea bila kusema, kana kwamba sote tunaota ndoto moja. Mpaka leo nikisinzia mchana huwa natembea tena katika ukungu ule.

Pembeni mwa shamba moja tulimkuta msichana wa rika langu, peku, amevaa sweta ya shule na msalaba mdogo wa mbao shingoni. Alisema anaitwa Letaru, wa Mvara. Alikuwa amempeleka mama yake hospitali ya Kuluva, na baada ya hapo watu walipotawanyika alipanda lori lililokuwa likienda alikosikia mjomba wake amekimbilia. Lori likaharibika njiani, kila mtu akashika njia yake.

"Na mama yako iko wapi?" Habuba akamwuliza.

"Alikufa Jumatano," akasema. "Sasa mimi iko natafuta mjomba."

Habuba hakuuliza dini wala kabila. Alimpa maji, akachukua leso yangu ya pili, akamfunga kiunoni. Tulipoketi kula, wanawake wenzetu wa njiani wakazunguka sinia, mimi na wadogo zangu tukapewa sahani yetu kama kawaida. Habuba akamtazama yule mgeni, akagonga ukingo wa sinia kwa vidole.

"Sogea, binti."

Mwanangu, kifua kiliniwaka. Miaka miwili nafagia uwanja, na huyu kaokotwa asubuhi ile ile! Nilikula bila kuonja.

Kesho yake tukafika kivukoni, kwenye mto wa mpakani. Mtu mmoja mwenye daftari alikuwa akiandika watu nyumba kwa nyumba. Wasio na watu wao aliwaambia wakae kando, chini ya ulinzi wa vijana wawili wenye bunduki. Wengi wa waliokaa kando walikuwa wasichana. Katika foleni hakuna aliyelitaja jambo lile kwa sauti, lakini kila mtu alijua kwamba hao huchukuliwa wakapike kwenye nyumba za wakubwa, na kwamba hakuna aliyeonekana akirudi. Nilijua hata mimi. Nakuambia hivyo ili usinitafutie udhuru.

"Mama, watu yako iko ngapi?"

"Iko tano," Habuba akasema. "Mimi, hawa watoto mbili, huyu Rukia, na huyu binti yangu."

Yule mtu akautazama msalaba, akatutazama sisi Waislamu. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe, huyu ni ndugu yako kweli?"

Kuitikia kwa kichwa tu kungetosha.

"Huyu si ya kwetu," nikasema.

Letaru alifungua leso yangu, akaikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili, akaenda kukaa kando na wale wengine.

Habuba hakunitazama. Alishusha mzigo kichwani, akauweka miguuni pangu, akamfuata Letaru, akaketi naye vumbini.

"Mama, rudi!" mwenye daftari akapaza sauti. "Watu yako iko hapa."

"Watu yangu iko huku," Habuba akajibu. "Kama huyu inabaki, mimi pia nabaki. Andika hivyo."

Nikabaki nimesimama na mzigo, wadogo zangu wameanza kulia, watu wa nyuma wananisukuma. Nikamwendea yule mtu, nikasema kwa sauti ambayo foleni nzima iliisikia, "Nilisema uongo. Huyu ni ya kwetu. Ni wivu ilinishika." Mwanamke mmoja akasonya. Wanaume wakacheka. Mwenye daftari alikuwa amechoka na jua, akafuta alichokiandika, akaandika upya, akatupungia mkono tupite.

Ng'ambo ya pili Habuba alikamua maji kwenye nguo yake, polepole, ndipo akasema nami. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

"Rukia, ulifikiri hii neno ni nguo ya kuvaa, watu ikuone? Mimi nikiita mutu binti, nimemubeba. Na yeye akiitwa, atabeba wengine. Mimi nilikuwa nakungoja uwe mukubwa. Leo ulipewa mutu moja tu ya kubeba, ukamwangusha."

Letaru alikaa nasi siku kumi na moja. Aliteka maji, aliosha vyombo, aliwabeba wadogo zangu mgongoni. Lakini kwenye sinia hakusogea tena. Habuba alimwita kila siku, naye kila siku alisema ameshiba. Nilitaka kumwomba msamaha. Niliyapanga maneno kisimani, njiani nikayapoteza, na kesho yake nikayapanga tena. Siku ya kumi na mbili walipita watu waliosema lugha yake, wanaelekea upande wa Zaire, akaamua kufuatana nao. Aliaga vizuri. Mimi aliniambia, "Asante kwa kunivumilia," kwa upole, kama mtu anavyomuaga mwenye nyumba ya wageni. Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini maneno yale matatu ndiyo yaliyoniumiza.

Niliitwa binti mwaka uliofuata, bila shangwe yoyote. Nilikuwa nimeshaacha kulingoja.

Tuliporudi Koboko miaka ya themanini nilikwenda Mvara mara mbili kumwulizia. Mmoja aliniambia mjomba alionekana, mwingine akasema mjomba huyo hakuwahi kuwa na mpwa. Ndivyo ilivyoishia. Wakati huo neno lenyewe lilikuwa limeshika njia nyingine: vijana wa baiskeli walimwita hivyo kila msichana anayepita, wauza nguo walimsifia nalo mteja, na sasa ni jina la saluni. Sikasiriki. Neno likikaa na watu wengi hubadilika, na wewe ukiitwa hivyo kwa heshima, itika.

Habuba alifariki miaka ya tisini. Kwenye matanga, kabla ya dua, shehe aliomba majina ya watoto wake. Wakamtaja baba, wakawataja shangazi zangu. Nikasimama upande wa wanawake.

"Bado moja," nikasema. "Letaru."

Watu wakanong'ona, maana jina halikuwa la kwetu. Shehe akauliza taratibu, "Huyo Letaru ni nani?"

"Ni binti ya Habuba. Mimi nilimukana mbele ya watu, na mimi namutaja mbele ya watu."

Shehe akainua mikono, akaliweka jina lake katika dua pamoja na yetu sote.

Kwa hiyo, mwanangu, sikuzuii kulitumia neno hili. Anayekurushia kando ya barabara, ambaye kesho hatakusemea mahali popote, mpite tu, huna deni naye. Lakini wewe ukimwita msichana binti, awe wa kwenu au mmoja wa hawa wanaoingia sasa kutoka Sudan na kifurushi mkononi, mwandalie kwanza mahali nyumbani kwako. Ukiulizwa kama ni wako, jibu upesi, kabla wivu haujakutangulia. Na ukikosea, omba msamaha siku hiyo hiyo. Mimi niliahirisha siku kumi na moja, na yule niliyemkosea akaondoka bila kusikia.

Mungu akufikishe uzeeni ukiwa na watoto wengi, wa kuzaa na wa njiani, na asikupe hata mmoja wa kumtafuta. Amina.