Filtre Niliyoipaka Mawese

Heri muisikie kwa kinywa changu, maana kule Mbugangari, mtaani kwetu, wanaiongeza chumvi: mi, bibi ninayegombeza mtaa muzima juu ya uvivu na uongo, nilikamatwa na uongo wangu mwenyewe mbele ya watu tuliokwenda kuwaomba mutoto wao.

Ilianza na filtre, kile kichujio cha hewa cha gari. Voiture yangu, gari lenyewe, ni ya zamani (marehemu mume wangu aliniachia), na mara ya kwanza tulipopanda Mudende kumujulisha mujukuu wangu Hamadi kwa familia ya muchumba wake, mulima uliitesa mpaka ng'ombe wakatupita, na babu ya yule binti akacheka, "Mama, si mungekuja tu kwa miguu?" Maneno hayo yaliniuma. Siku ya gusaba, yaani ya kuomba muke, ilipokaribia, nikaenda kwa fundi Rashidi nikamwambia nataka nguvu. Akanionyesha filtre mbili, moja ya karatasi, ya kawaida, na ingine nyekundu ya kitambaa, imechongoka, inang'aa, ile vijana wanaweka ili motere ivute hewa nyingi.

"Mama, voiture ni muzee, umupe ya wazee," Rashidi akasema. "Chukua karatasi. Hii nyekundu inataka mafuta yake maalumu, matone tu, na sina. Yatafika wiki ijayo."

"Funga nyekundu. Na mambo ya mafuta usinifundishe, mi nauza mafuta tangu hujazaliwa."

(Mafuta ninayouza ni mawese ya kupikia, yanavuka kutoka Goma. Musicheke bado.)

Bon. Asubuhi ya gusaba nikachovya mukono kwenye dumu, nikaipaka ile filtre mpaka ikashiba, nikajiona fundi kuliko fundi. Tukapanda, Hamadi kwa usukani, mi nyuma, na mbele shemeji yangu Yusufu, musemaji wetu, amevaa nyeupe tupu. Bila yeye hakuna mutu wa upande wetu anayefungua kinywa siku hiyo. Lami ilipoisha, vumbi likaanza, na baridi ya kule munaijua. Mawese kwenye baridi yanaganda! Mi mwenyewe ndiye ninayeanika madumu juani kila siku ya baridi ili yayeyuke, lakini siku ile sikukumbuka hata kidogo. Voiture ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika katikati ya mashamba ya viazi.

Akatokea mujomba wa binti na lori lao la viazi. Akafungua kapo, kile kifuniko cha motere, akachomoa kitu kimeganda, rangi ya machungwa, kimejaa vumbi. "Yewe! Mama, hii ni filtre ao ni mukate?" Akatupandisha juu ya magunia, na nguo nyeupe ya Yusufu ikafika na rangi ya udongo. Tulichelewa saa nzima. Na yule mujomba, kwa uchokozi, akaiweka filtre juu ya sinia mbele ya musemaji wao.

"Wageni tusiwalaumu," musemaji akasema akiinusa. "Walikuwa jikoni wanakaanga samaki wa sambaza."

Uwanja muzima ukacheka. Sasa, kwetu gusaba ni siku ya kutaniana, unachekwa, unatoa faini ya vinywaji, yanakwisha. Ningecheka nao tu. Lakini mi nikasimama (hakuna aliyeniita) nikasema kwa sauti, "Ni fundi! Rashidi ndiye ametuharibia, mulevi yule!"

Babu ya binti akainua kichwa. "Rashidi wa Mbugangari? Si ndiye anatutengenezea lori? Mupigieni." Wakapiga, simu wakaiweka sauti kubwa.

"Muzee, mimi?" Rashidi akasema. "Mama nilimukataza. Muulizeni hayo mafuta alitoa wapi."

Hakuna aliyeniuliza. Walitazama tu vidole vyangu, kucha zote bado zina rangi ya mawese.

"Filtre inasafishwa," muzee akasema polepole. "Lakini mutu anayemusingizia mwenzake kwa kitu kidogo hivi, siku mutoto wetu akikosea nyumbani kwake, atamusemea nini?" Akamwomba Yusufu asifungue kinywa. Tukarudi juu ya lori lilelile na zawadi zetu. Hamadi alinipa mugongo njia nzima, afadhali angenifokea.

Siku nne baadaye nilikwenda kwa Rashidi nikamwomba musamaha mbele ya wateja wake ("Bon, mama, imekwisha," akasema, akarudi chini ya voiture), kisha nikapanda moto, yaani pikipiki, peke yangu mpaka Mudende. Muzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mutoto tutawapa," akasema. "Lakini hatakaa kwako."

Donc wameoana, na wamepanga nyumba kule chini karibu na ziwa, na vyumba viwili nilivyowapakia rangi nyuma ya kwangu viko vitupu. Jumapili wanakuja, wanakaa pembeni ya kiti kama wageni, chai ikiisha wanaaga. Nguvu ya voiture sitafuti tena. Na siku hizi kitu kikiharibika mukononi mwangu nasema "ni mimi" kabla mutu hajauliza, hata kama nyumbani hakuna wa kunisikia.