Maharagwe ya Mama Yaliyochomwa

Moshi wa maharagwe mabichi yakichomwa hauna mwenzake. Ni mzito, unawasha koo, na ndani yake kuna harufu ya mboga iliyoungulia sufuriani. Juzi jirani yangu hapa Voi alichoma takataka za bustani yake nyuma ya ua, moshi ukaingia kwangu, nami nikajikuta nimesimama mlangoni nimekunja ngumi. Maskini, alidhani nimeudhika kwa sababu ya nguo zangu zilizokuwa kwenye kamba, akaniomba radhi. Sikumweleza, maana ningeanzia wapi? Nyinyi nitawaeleza.

Nilizaliwa Bura, kwenye mteremko ambako asubuhi za vuli ukungu hulala shambani mpaka jua lipande. Baba alifanya kazi ya reli huku Voi na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo mwenye sauti pale nyumbani alikuwa kaka yake, Baba Mkubwa. Huyu alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge miaka mingi, na alipostaafu alirudi na buti zake, filimbi yake na amri zake. Alitupigia filimbi ya kwenda kupalilia na filimbi ya kurudi. Hata kuku walikuwa wameizoea.

Mama alikuwa na maharagwe yake. Alipoolewa alitoka nayo kwao Mgange ndani ya kibuyu, yamechanganywa na jivu yasitobolewe na wadudu, kama mama yake naye alivyotoka nayo kwao. Yalikuwa madogo, meusi yenye madoa meupe, wala sokoni hayakumpendeza mtu. Lakini yakipondwa na muhogo yakawa kimanga, hakuna aliyekumbuka kuongea mpaka sahani iishe. Msimu mmoja Baba Mkubwa alinunua mbegu ya dukani Mwatate, nyekundu na nono, ikapandwa upande wa pili wa shamba.

Mvua ilinyesha vizuri, ukungu ukakaa kuliko kawaida. Asubuhi moja tukakuta majani ya maharagwe ya Mama yana vidoa vikavu vya kahawia, vidogo sana, kana kwamba kila jani limechomwa kwa ncha ya sindano ya moto. Ya Baba Mkubwa yalikuwa ya kijani kitupu, yanang'aa.

"Mama Mghoi, hii mbegu yenu ni gonjwa," Baba Mkubwa akamwambia Mama. "Kule esteti mmea mgonjwa hatuulazi. Unang'olewa na kuchomwa siku hiyo hiyo. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Shemeji, tungoje kidogo tu," Mama akasema. "Hii ni ya mamangu."

"Ndiyo maana."

Maneno mawili, na bado yananichemsha damu. Filimbi ikalia. Sisi watoto tuling'oa mstari kwa mstari, mizizi ikitoka na udongo mweusi, tukarundika pembeni mwa shamba, na moshi ule ukapanda. Mama alisimama ameshika ncha ya leso yake. Kisha Baba Mkubwa akaagiza hata mbegu iliyobaki kibuyuni ipikwe, kwa sababu mbegu ya ugonjwa haiwekwi. Mchana ule tukala kimanga. Mama hakugusa. Kilikuwa kitamu, na hilo nalo linaniudhi mpaka leo.

Hazikupita siku nyingi, yale mekundu yakavamiwa. Kila jani lilitoka unga wa rangi ya kutu. Ukipita katikati yake sweta ya shule inachafuka mpaka kiwikoni. Majani yakanyauka, yakadondoka, na mavuno yetu yakawa maganda matupu. Mngedhani sasa mzee angenyamaza. Akasimama mbele ya Mama, buti zimejaa ule unga, akasema maharagwe ya Mgange ndiyo yaliyoacha ugonjwa shambani. Baba alipokuja mwisho wa mwezi alikuna kichwa tu. Na Mama akaamini! Tulipokwenda kwao hakuomba mbegu nyingine. Aliona haya kumwambia mama yake kwamba mbegu yake imeleta balaa ukweni. Bibi akafa, shamba lake likagawanywa, likapandwa miti ya mbao.

Miaka baadaye, chuoni nikisomea kilimo, mwalimu alituonyesha jani la haragwe lenye vidoa vile vile. Nilivitambua kabla hajafungua mdomo. Alisema ugonjwa wa kutu, ule wa unga, huletwa na kuvu, na kuvu hiyo haiwezi kula ila chembe hai za jani. Mmea wenye kinga ukiigundua inapoingia, huviua vijisehemu vyake wenyewe kuizunguka na kumwaga sumu mahali hapo, ili mgeni afe njaa mlangoni. Kile kidoa kikavu ni alama kwamba adui ameshindwa. Mmea usioweza kumtambua hukaa kijani, unapendeza, huku unaliwa ndani. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje, nikalia kwa hasira. Tuling'oa waliopigana tukawalinda waliolala, na aliyebebeshwa lawama ni mama yangu.

Likizo ilipofika nilimweleza yote. Alikuwa anachagua maharagwe ya dukani kwenye ungo.

"Kwa hivyo hayakuwa magonjwa," akasema.

"Hayakuwa, Mama. Yalikuwa yanajikinga."

Nilingoja akasirike, tukasirike pamoja. Baba Mkubwa alikuwa kaburini zamani, na nilitaka mtu wa kumsema naye. Mama aliendelea kuchagua, halafu mikono ikasimama.

"Na siku ile, kabla sijayatia sufuriani," akaniuliza taratibu, "hukubakisha hata moja mfukoni? Watoto huwa mnaweka mfukoni."

Nilikuwa nimekula sahani mbili.