Hakuacha Mtu

Mwezi uliopita nilirudi Rhotia, kule Karatu, kumzika fundi cherehani aliyekuwa jirani yetu, na katekista alipokunjua karatasi ya kusoma habari za marehemu nilijua atakachosema. Maneno yale niliyasikia utotoni, kwenye kaburi jingine, na mpaka leo yamenikaa kooni. Ngoja nikueleze, ndugu yangu, maana hasira hii ni ya siku nyingi.

Miaka ya themanini mwanzoni sabuni ilikuwa ya foleni na sukari ya kujuana. Nyumba ya fundi ilitazamana na ya bibi yangu, ng'ambo ya njia ya vumbi jekundu. Aliishi na mpishi wa shamba la kahawa, mtu wa Singida, mrefu, mcheshi, ambaye kande yake ilinukia mpaka kwetu. Walipendana kama mume na mke wanavyopendana. Mtaa mzima ulijua, ukanyamaza, ukaendelea kupeleka nguo zikashonwe.

Jumamosi walikuja wanaume wengine wa aina yao, vibarua kutoka Mbulu na Dodoma, baadhi wamefukuzwa makwao kwa sababu hiyo hiyo. Pale hakuna aliyewauliza wataoa lini. Walinyoana nywele, wakanyoosheana mashati kwa pasi ya mkaa, wakagawana mche wa sabuni kwa kuukata na uzi. Aliyefika kainamisha kichwa, fundi alimsimamisha mbele ya kioo, akampaka mafuta usoni na kumwambia, "Jiangalie vizuri. Uso huu haujamkosea mtu."

Bibi akinituma kwao kuomba makaa ya moto, nilichelewa makusudi. Mimi pia ni kama wao. Wakati ule sikuwa na jina la kujiita, nilijua tu kwamba maneno ya kioo yalinihusu.

Kisha mpishi akaanza kukonda, na watu wakaacha kula alichopika. Wale wa Jumamosi ndio waliopokezana kumuuguza: huyu kuni, huyu uji, huyu kufua mashuka kwenye maji ya baridi ile ya Karatu. Ndugu zake waliitwa, hawakuja. Alipokufa walifika upesi, na maiti ikiwa bado ndani walishauliza redio ni ya nani.

Makaburini katekista wa siku hizo akasoma kwamba marehemu hakuoa, hakuzaa, hakuacha mtu. Na fundi amesimama palepale nyuma, karibu na majembe, macho yamemvimba. Shati alilozikwa nalo mpishi alilishona yeye. Wakaitwa ndugu kuweka udongo, wakaitwa majirani, wakaitwa wasimamizi wa shamba. Yeye hakuitwa.

Bibi, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akasema, "Na huyu mnamwitaje?"

"Mama, tusivuruge ibada," katekista akajibu.

Bibi akaenda nyuma, akamshika fundi mkono, wakapita katikati ya watu hadi kaburini, akamtilia udongo kiganjani. Hakuna aliyethubutu kumzuia.

Bibi sasa hayupo. Nyumba ya fundi wapwa wake wameshaitafutia mnunuzi. Itajengwa hoteli ya watalii wanaopanda Ngorongoro. Wale wa Jumamosi wametawanyika, wengi wamekufa. Vijana wa aina yetu leo wanajificha kila mmoja peke yake, bila kioo, bila wa kuwapaka mafuta, na wapo wanaojisifu kwamba hayo ndiyo maadili. Inanikera mno.

Basi kwenye kaburi la fundi katekista wa sasa, kijana mdogo tu, akasoma mpaka mwisho: hakuoa, hakuzaa, hakuacha mtu. Ndugu zangu wote walikuwepo, na hawakuwahi kujua kwamba mimi ni kama fundi. Nikanyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Ameacha mtu. Andika jina langu."

Halafu nyuma, karibu na majembe, mzee mmoja wa Jumamosi akajikongoja kwa fimbo yake, akasema, "Andika na langu."