Sheria ya Kwetu na Kibuyu cha Casimiro

Bi Obdulia Lagunes alikuwa mpiga pasi katika hoteli moja ya Veracruz, na mashuka aliyoyanyoosha maishani mwake yangetosha kuifunika bandari nzima na meli zake. Alikuwa na ulimi mkali, upepeo mwekundu, na miguu iliyojulikana na mji mzima. Jioni bendi ikipiga danzón, dansi ya taratibu ya wawili wawili, uwanjani, watu walisogea kumpisha.

Katika danzón kuna sheria moja ambayo Bi Obdulia hakumsamehe mtu aliyeivunja. Muziki hufika mahali ule wimbo wa mwanzo unarudi, na hapo wachezaji wote husimama, wakawageukia wapigaji, wanawake wakajipepea, mpaka zamu ya kucheza irudi. Hayo ndiyo mapumziko. Anayetikisika wakati huo anajulikana papo hapo kwamba ni mgeni, au ni Wakili Ponciano Utrera, mwenzake Bi Obdulia katika dansi, aliyezaliwa mjini hapo na bado hajajifunza.

"Simama, wewe! Unakimbilia wapi?" Bi Obdulia humwambia, huku akimfinya mkono.

"Mguu umenitoroka, dada."

"Basi ufunge kamba."

Danzón aliirithi kwa wazazi. Baba yake alikuwa Mcuba wa Matanzas, mpishi wa meli, na akishuka bandarini alikuwa akikwaruza kwa kijiti kibuyu chenye mikato katika bendi. Alikaa Veracruz muda wa kutosha kumpata Obdulia na kumfundisha mama yake kucheza, kisha akarudi kwao, akaoa, akamzaa Casimiro. Huyo Casimiro ndiye aliyerithi kibuyu. Ndugu hawa wawili walijuana kwa simu tu, tena kwa laini mbovu, wakipigiana kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto. Bi Obdulia alikuwa na hamu moja tu, aliyoisema waziwazi kwa yeyote aliyemsikiliza: kabla hajafa, acheze japo danzón moja mdogo wake akikwaruza kibuyu cha baba.

Na mwaka ule ukawa mwaka wake. Klabu ya danzón iliialika bendi ya Casimiro kwa ajili ya kanivali. Dansi ingefanyika katika ua wa hoteli ileile ya Bi Obdulia, na wapigaji wangelala palepale. Shuka za Casimiro alizipiga pasi, akazikunjua, akazipiga tena, kwa raha tu, na kwa simu akamwambia amtambue kwa upepeo wake mwekundu.

Asubuhi ya siku yenyewe, meneja Gildardo akashuka kwenye chumba cha pasi. Alikuwa kijana wa Monterrey, mpole, wa tai iliyokaza shingo, na danzón aliiona kama muziki wa mazishi.

"Bi Obdulia, vile vyumba vya Wacuba usitandike. Hawatalala hapa."

"Wasilale hapa walale wapi, juu ya mnazi?"

"Wenye hoteli wamepiga simu kutoka Marekani. Sheria ya kwao inawakataza kufanya biashara na Wacuba, na hoteli ni yao. Hata ua hawapewi."

"Hoteli hii iko Marekani?"

"Iko hapa."

"Na wewe uko wapi?"

Gildardo akatazama viatu vyake. "Mama, mimi mwajiriwa tu."

Pasi iliyosahauliwa ikaunguza foronya. Bi Obdulia hakuijali. Kanivali ilikuwa imejaza hoteli zote za mji. Kumlaza Casimiro nyumbani kwake aliweza, lakini bendi nzima na ala zake hakuweza, na kibuyu peke yake hakipigi danzón. Vyumba visipopatikana kabla ya saa sita, klabu ingewapigia simu wasipande ndege. Alilia, na machozi yale yalikuwa ya hasira kuliko huzuni.

Kisha akapanda juu kwenye mkahawa wa hoteli, ambako wakili na watu wa klabu walikuwa wakinywa kahawa. Alipowaeleza, Wakili Ponciano akasimama, masharubu yamemsimama pia.

"Sheria yao? Hapa? Sisi tuna yetu, tangu mwaka wa tisini na sita! Mtu aliye katika nchi hii haruhusiwi kuitii sheria ya nje inayotaka kutuamulia tufanye biashara na nani. Akiitii, faini! Namshtaki leo leo!"

"Kesi itakwisha lini?"

"Aah... mwakani. Au mwaka unaofuata."

"Na ndege?"

"Saa sita."

"Basi kaa chini, kaka. Yule mtoto si mbaya, anaogopa mabwana zake. Usimtishe. Hiyo sheria mpe ajifichie."

Wakili akafikiri kidogo. Halafu akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Veracruz mtu akitaka maziwa katika kahawa yake hamwiti mhudumu. Anagonga glasi kwa kijiko. Bi Obdulia akachukua kijiko cha wakili, akagonga. Watu wa klabu wakagonga. Meza za jirani zikadakia, hata watalii wakagonga bila kujua wanadai nini, ukumbi mzima ukalia kama kengele. Mhudumu akaja mbio na birika la maziwa.

"Nani anataka maziwa?"

"Hatutaki maziwa," akasema Bi Obdulia, "tuletee meneja!"

Gildardo akaja, rangi imemtoka. Wakili akasema naye taratibu, tena kwa ufupi, jambo ambalo kwa wakili yule lilikuwa muujiza.

"Mwanangu, wapigie wakubwa zako. Usiwaambie umekataa amri. Waambie huwezi kuitekeleza. Sheria ya hapa imekufunga mikono, wakili yuko mlangoni na nakala yake, na ukiifuata ya kwao tunakushtaki."

"Mtanishtaki kweli?"

"Kwa moyo mkunjufu kabisa!"

Kijana akavuta pumzi, akailegeza tai. "Nipe hiyo nakala, mzee. Nataka nikiongea niwe nimeishika."

Akaenda kwenye simu. Vijiko vikatulia. Bi Obdulia alikuwa ameukunja upepeo wake mpaka kijiti chake kimoja kikavunjika. Gildardo aliporudi alikuwa amelowa jasho, na anacheka.

"Wamefoka! Halafu wakaniuliza kama faini ni ya kweli. Halafu wakasema, haya, kama ni sheria ni sheria. Bi Obdulia, nenda katandike!"

Bi Obdulia akambusu kwenye paji la uso mbele ya ukumbi mzima, akamwachia alama ya rangi ya mdomo, na kijana akashinda nayo hadi jioni bila kujua.

Upepo wa kaskazini uliichelewesha ndege. Watu walikuwa wameshajaa uani basi lilipofika, na wapigaji wakapitishwa jikoni moja kwa moja hadi jukwaani, na nguo zao za safari. Bi Obdulia alikuwa chini kwenye chumba cha pasi akiwasubiri na mashati yaliyonyooshwa. Aliposikia tarumbeta zikijaribiwa, akayatupa mashati akakimbia.

"Jamani familia!" mtangazaji akapaza sauti. "Danzón hii ni kwa heshima ya Gildardo na wote waliofuatana naye!" Gildardo alikuwa peke yake, maskini, lakini ndivyo inavyotangazwa. Akapigiwa makofi mpaka akajificha nyuma ya nguzo.

Wakili akamshika mkono Bi Obdulia, wakaingia katikati. Bi Obdulia ni mfupi. Alichokiona ni vifungo vya wakili tu. Lakini alikisikia kibuyu, krrr-cha, krrr-cha, na miguu yake ikacheza kama ya msichana. Alicheza akitabasamu, amefumba macho.

Mapumziko yakafika. Watu wote wakasimama, wakawageukia wapigaji. Naye akageuka.

Pale jukwaani, mtu mwenye masikio ya baba yake alikuwa akikwaruza kibuyu, macho yakizunguka kutoka upepeo hadi upepeo, yakimtafuta mtu. Yakaufikia ule mwekundu uliovunjika kijiti. Yakatulia hapo.

Bi Obdulia akaanza kutembea. Watu wakaguna kwa mshangao. Wakili, aliyekuwa amesimama wima kwa mara ya kwanza maishani mwake, akanong'ona kwa nguvu, "Dada! Bado! Ni mapumziko!"

Hakusikia, au hakujali. Akapanda jukwaani mapumziko yakiendelea, akamkumbatia mdogo wake pamoja na kibuyu chake, na zamu ya kucheza iliporudi bendi ya Matanzas ikaendelea kupiga bila kibuyu. Hakuna aliyemfinya mkono.